Kompyuta moja, mashine tatu za CNC: cha kugawa na cha kuacha

Msomaji mwenye karakana Ngamiani, hapa Tanga, ana mashine za CNC, zile zinazochonga zenyewe kwa amri za kompyuta. Ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Tunachonga milango, vitanda na makabati. Mashine yetu kubwa ya CNC, meza ya sentimita 130 kwa 250, inaendeshwa na programu ya Mach3 kwenye kompyuta ya zamani kwa ule waya mpana wa printa. Ndogo, ya sentimita 60 kwa 40, ina bodi ndogo ya elektroniki ya Arduino yenye programu ya GRBL, naiendesha kwa laptopu. Ya tatu iko njiani, inakuja na kidhibiti chake cha mkononi cha DSP. Nimenunua kompyuta mpya yenye nguvu na nataka iendeshe zote tatu, nikae mezani nizione zote. Fundi mmoja kaniambia tuweke waya wa matawi mawili, mashine mbili zichonge kitu kimoja kwa pamoja. Mwingine kasema hilo halifai, ninunue kompyuta tatu. Nimfuate yupi?"

Marahaba, mwanangu. Hao mafundi wawili kila mmoja amekupa nusu ya jibu, na ukimfuata yeyote kati yao utatumia hela mahali pasipo pake. Kompyuta moja inaweza kuhudumia mashine zako tatu, na hata ukifikisha sita itazihudumia. Lakini kuzishikia zote usukani kwa wakati mmoja, hapana. Kuhudumia na kushika usukani ni vitu viwili, ngoja nikutenganishie.

Kompyuta ya CNC ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuchora ua la mlango na kuligeuza kuwa mistari ya msimbo wa G, zile amri za mwendo G00 na G01 na wenzake. Ya pili ni kuifikisha mistari hiyo kwenye mashine. Ya tatu ni kupiga mapigo ya umeme yanayozungusha mota, pigo moja kwa hatua moja. Kwa kuwa kwenye Mach3 yako zote tatu zinafanyika ndani ya kasha lilelile, ni rahisi kuziona kama kazi moja. Ya kwanza haina haraka. Kompyuta ikikwama dakika nzima, wewe unamalizia kahawa yako. Ya pili ina haraka kiasi. Ya tatu haisamehi hata kidogo.

Tupige hesabu uone kwa nini. Mota ya hatua ya kawaida inakata hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva, kile kifaa kinachoipa mota umeme, ikigawa kila hatua mara 8, mzunguko unakuwa na mapigo 1,600. Skrubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita inadai mapigo 320. Ukichonga kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, yaani milimita 50 kwa sekunde, mhimili mmoja tu unataka mapigo 16,000 kila sekunde, na yaje kwa nafasi sawasawa kama mtu anayepiga ngoma asiyekosa. Mach3 kwenye mpangilio wake wa chini kabisa inafanya kazi kwa mapigo 25,000 kwa sekunde, maana yake kila baada ya sehemu 40 za milioni ya sekunde kompyuta lazima iache shughuli nyingine zote ipige pigo. Pigo likichelewa kidogo mota inanguruma. Likichelewa zaidi mota inaruka hatua, na tangu hapo ua lako limehama na hakuna atakayekuambia mpaka uone petali imekatika nusu.

Ndiyo sababu Mach3 kwa poti ya printa haikubali mwenza. Draiva yake, na hapa nasema ile ya programu ndani ya kompyuta, inaikamata saa ya Windows na kuishikilia kwa ajili ya mashine moja. Hata LinuxCNC, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo kwa uthabiti wa mapigo naiheshimu zaidi, imejengwa kwa mashine moja kwenye kompyuta moja. Na wewe una kikwazo kingine kabla ya hivyo: draiva ya poti ya printa ya Mach3 inafanya kazi kwenye Windows ya biti 32 tu, basi. Kompyuta mpya inayouzwa leo ni ya biti 64, na pengine poti hiyo haina kabisa. Usije ukanunua kile kiunganishi cha USB kwenda printa ukidhani umetatua. Kimetengenezwa kwa ajili ya kuchapa karatasi na hakijui kupiga mapigo kwa wakati. Nimewaona watu watatu wakinunua kitu hicho hicho.

Swali lako lina umri mkubwa kuliko wewe. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa namba ilionyeshwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma mkanda wa karatasi uliotobolewa. Mikanda ilichanika na ilichosha, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vikafanya kile unachotaka kufanya wewe: kompyuta moja kubwa chumbani, nyaya zikaenda kwenye mashine nyingi. Ikaenda vizuri mpaka siku kompyuta inapougua, hapo karakana nzima inasimama. Miaka ya 1970 kompyuta ndogo ziliposhuka bei, kila mashine ikapewa ubongo wake, na ile kubwa ikabaki na kazi ya kutunza na kugawa programu. Njia hiyo ya pili ndiyo viwanda vinayoitumia hadi leo. Nakusimulia haya ili usidhani nakukatisha tamaa kwa sababu ya uchache wa vifaa vya Tanga. Waliokuwa na kila kitu walipita hapohapo, wakarudi.

Sasa mashine ndogo. Hiyo ina habari nzuri zaidi. Kwenye GRBL mapigo yanapigwa na Arduino yenyewe; laptopu yako inapeleka mistari tu. Kwa hiyo kompyuta mpya inaweza kuiendesha bila tabu, na kwa kanuni inaweza kuendesha bodi tatu za namna hiyo, kila moja na dirisha lake la programu ya kutuma. Swali ni je, inapeleka kwa kasi ya kutosha, na ikikwama inatokea nini.

Kasi kwanza. GRBL inazungumza kwa biti 115,200 kwa sekunde, ambazo ni kama herufi 11,520. Kazi ya nakshi, ile iliyojaa mikunjo, huja ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo. Vikiwa vya nusu milimita, mwendo wa milimita 50 kwa sekunde unakula mistari 100 kwa sekunde. Mstari ukiwa na herufi 25, hizo ni herufi 2,500. Uko salama, hujafika hata robo ya uwezo wa waya. Lakini mtu akiweka programu ya kuchonga itoe vipande vya sehemu ya kumi ya milimita kwa kutaka uzuri, inakuwa mistari 500 na herufi 12,500, na waya haubebi tena. Mashine inaanza kusitasita, wewe unalaumu mota. Legeza kipimo hicho. Kwenye msaji jicho haliwezi kuona tofauti ukishapiga msasa.

Kukwama sasa, na hapa ndipo pananiuma kwa sababu nimepoteza mbao nzuri. Bodi ya Arduino Uno ina akiba ndogo mno: inapokea herufi 128 tu, kama mistari mitano, na ndani inapanga miondoko isiyozidi kumi na sita. Jumla ni kama mistari ishirini. Kwa mistari 100 kwa sekunde, akiba hiyo ni sehemu ya tano ya sekunde. Kompyuta ikishikwa na shughuli nyingine kwa sekunde mbili, labda umefungua picha kubwa ya mteja au Windows imeamua kujikagua, akiba inaisha. GRBL haitaruka hatua. Itasimama kwa adabu. Lakini spindo, ile mota inayozungusha kisu, inaendelea kuzunguka mizunguko 24,000 kwa dakika ikiwa palepale, na kisu kinachozunguka bila kusonga mbele hakikati, kinasugua. Kwenye msaji wa Longuza, ambao una silika, chembe ngumu kama za mchanga, zinazomaliza makali ya kisu upesi, unapata doa jeusi lililoungua lenye kina. Hilo halitoki kwa msasa. Mlango mmoja unaweza kuwa na madoa kumi namna hiyo, na mashine yenyewe haina ubaya wowote.

Kwa hiyo kompyuta inayotuma mistari kwa mashine inayochonga isitumike kuchorea kazi nyingine wakati huohuo. Ukiwa na mashine tatu zinazolishwa hivyo, kompyuta yako mpya yenye nguvu itakuwa imefungwa siku nzima, hupati hata nafasi ya kuandika ankara. Ndiyo maana nguvu ya kompyuta haikusaidii sana hapa. Kinachokusaidia ni akiba kubwa upande wa mashine.

Badilisha bodi hiyo ya Arduino. Weka bodi ya ESP32 yenye programu ya FluidNC, ambayo ni mtoto wa ukoo wa GRBL, ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na inafunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wa intaneti. Unapeleka faili zima kwenye kadi, unabonyeza kuanza, bodi inajisomea yenyewe. Kompyuta ikizimika, kazi inaendelea. Waifai itumie kupelekea faili tu. Usilishe mistari hewani wakati wa kuchonga. Na swichi za mpaka, zile zinazoguswa mashine ikifika mwisho wa meza, zifungwe pande zote, kwa sababu nitakayokueleza mbele.

Mashine ya tatu, yenye DSP, hiyo usiiguse. Watu wengi huidharau kwa sababu kidhibiti chake kinafanana na rimoti ya televisheni, lakini kina kila kitu ninachokuhubiria: kinasoma faili kutoka flashi, kinajipigia mapigo, hakitaki kompyuta. Nyingi za aina hiyo hukumbuka pia pale umeme ulipokatikia.

Inabaki kubwa. Ushauri wangu ni uiache kompyuta ya zamani palepale ilipo, ifanye kazi hiyo moja mpaka ife. Iondoe kwenye intaneti kabisa, zima masasisho, zima kiokoa skrini, zima ile tabia ya kulala, toa antivairasi, toa michezo aliyoiweka kijana wako. Iunganishe na mpya kwa waya wa ethaneti kupitia swichi ya mtandao isiyotoka nje. Tengeneza folda moja tu inayoonekana kote kuwili. Kama ya zamani ni Windows 7 zitasikilizana. Kama ni XP, jua kwamba matoleo mapya ya Windows 10 na 11 huja yakiwa yamezima lugha ya kale ya kushirikishana mafaili ambayo XP inaitegemea. Usihangaike siku tatu, tumia flashi. Siku mfuko ukiruhusu, toa Mach3, funga kidhibiti cha DSP kama cha mashine ya tatu, na vijana wajifunze kifaa kimoja badala ya viwili.

Nimekuja kwenye waya wa matawi mawili. Aliyekushauri hakukudanganya, jambo lenyewe lipo. Ukichukua mapigo ya kidhibiti kimoja ukayapeleka kwa draiva za mashine mbili, zote mbili zitacheza mchezo mmoja. Poti ya printa hutoa mkondo mdogo sana, hivyo lazima pawe na bodi ya kukuza ishara katikati. Kuunga waya tu mapigo yatafifia na utaanza kupoteza hatua. Tuseme hilo umelifanya. Bado mashine moja ikigonga fundo la mti na kuruka hatua, kidhibiti hakitajua, na pacha wake haitajua. Mbao ya kushoto ikiwa imepinda milimita mbili, lazima kila spindo iwekwe kimo chake kwa mkono. Ukitaka kusimamisha moja, unasimamisha zote. Na swichi za kurudia nyumbani, yaani kwenye pembe ya kuanzia, zitakuwa za nani? Mwenye kuchonga miguu mia ya kitanda inayofanana, mpangilio huo una maana, lakini kwake ni bora mashine moja yenye vichwa viwili au vinne kwenye daraja moja, lile chuma linalovuka juu ya meza, maana vichwa hivyo vinashikwa na chuma kimoja na haviwezi kuachana. Wewe unachonga mlango wa huyu wenye mzabibu na wa yule wenye nyota. Kwako, hapana.

Kuna jambo la hatari zaidi ya mbao, na naomba ulisome mara mbili. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye karakana moja iliyokuwa imefanya hasa unachotamani. Mashine mbili, kila moja na kadi yake ya nje ya kupiga mapigo, kompyuta moja, Mach3 imefunguliwa mara mbili kwa mipangilio tofauti, madirisha mawili kando kwa kando. Ufundi wa nyaya ulikuwa safi, hata mimi nilisifu. Kijana aliyekaa mezani alitaka kuanzisha mashine ya pili. Akabonyeza amri ya kuanza kwenye kibodi. Dirisha lililokuwa mbele wakati huo lilikuwa la mashine ya kwanza, ambako mwenzake alikuwa ameinama mezani akikaza vibanio. Spindo ikawaka, daraja likamwendea. Aliruka nyuma; kisu kikapanda juu ya kibanio cha chuma, kikavunjika, kipande kikaenda kugonga ukuta. Waliniita nikague spindo. Spindo ilikuwa nzima. Nilichowaomba ni wahamishe kitufe cha kuanza kiende kwenye mashine, mahali ambapo anayekibonyeza anaiona meza yote na mikono ya kila mtu.

Kwa hiyo kile ulichosema, kukaa mezani uzione zote, nakubali nusu. Kaa mezani uzione. Kuanzisha, nenda kwa miguu. Weka kamera ukipenda, weka skrini inayoonyesha kila moja imefika mstari wa ngapi, lakini amri ya kuanza isitoke mezani.

Na kitufe chekundu cha dharura. Kila mashine kiwe chake, kikubwa, pembeni ambapo mtu hahitaji kupitisha mkono juu ya meza. Kisiwe ujumbe unaokwenda kwenye programu uombe isimame. Kiwe kinakata kontakta yenyewe, ile swichi kubwa ya umeme, ili umeme wa draiva na wa inveta, kifaa kinachoilisha spindo, uondoke hata kama kompyuta imelala usingizi. Tumia mguso uliofungwa muda wote, ambao kubonyeza ni kuufungua, ili siku panya akila waya mashine isimame yenyewe badala ya kukuficha kwamba kitufe hakifanyi kazi. Halafu ongeza kimoja karibu na mlango, kinachokata zote tatu. Kikiungwa kwa mfuatano na vingine, ni kazi ya saa chache.

Nyaya sasa, maana ukiwa na mashine tatu chumba kimoja zitaanza kusumbuana. Inveta ya spindo ndiyo mchokozi mkuu. Ili mota yenye ncha mbili za sumaku izunguke mara 24,000 kwa dakika, inveta inaipa umeme wa mizunguko 400 kwa sekunde badala ya 50 ya ukutani, na inautengeneza kwa kukatakata umeme kwa kasi kubwa. Kila mkato unapiga kelele ya umeme kwenye nyaya zilizo karibu. Kelele hiyo ndiyo inayofanya USB ikate mawasiliano katikati ya kazi, na watu wakabadilisha kompyuta mara tatu bure. Waya wa spindo uwe na koti la chuma, koti liunganishwe na ardhi upande wa inveta, na usilale kamwe sambamba na waya wa ishara. USB isizidi mita 5. Ethaneti inakwenda mita 100, na pande zake mbili zimetenganishwa kwa transfoma ndogo ndani ya soketi, hivyo kelele haipiti kirahisi. Nikiwa na uchaguzi, nachagua ethaneti kila mara. Nondo ya ardhi iwe ya kweli, imezama kwenye udongo wenye unyevu, na mashine zote zirudi kwenye sehemu moja ya ardhi badala ya kuunganishwa moja kupitia nyingine. Nyinyi mlio karibu na bahari mna adui wa ziada: chumvi. Plagi zinazobana vizuri leo, baada ya msimu mmoja wa upepo wa bahari zina ukungu wa kijani. Zifungue kila baada ya miezi michache, zisafishe.

Ukiendelea na Arduino kwa sasa, ujue pia kwamba Windows inaipa kila bodi namba ya poti, na zile bodi za bei nafuu zenye chipu ya CH340 kwa kawaida hazina namba ya utambulisho ya kwao. Ukichomoa mbili na kuzirudisha matundu tofauti, mashine ya jana iliyokuwa poti ya 3 leo ni ya 4. Utatuma kazi ya kitanda kwa mashine iliyobeba mlango. Paka rangi kila tundu na kila plagi, rangi moja kwa mashine moja. Na ukifungua programu ya kutuma, ule muunganisho wenyewe unaianzisha Uno upya, inasahau ilipo. Sifuri ya kazi, yaani pale vipimo vinapoanzia, uliyoihifadhi kwenye G54 bado ipo kumbukumbuni, lakini haina maana mpaka mashine irudi nyumbani kwa swichi za mpaka. Ndiyo sababu nilisema zifungwe. Bila swichi hizo, kila hitilafu ndogo ni kupanga mbao upya kwa jicho.

Umeme ukikatika. Utashauriwa ununue UPS, ile betri ya akiba, na ni ushauri mwema, lakini una mtego ambao sijasikia wauzaji wakiutaja. UPS ya kawaida haiwezi kubeba spindo, hivyo utabebesha kompyuta na kidhibiti, pengine na draiva. Umeme unakatika, spindo inapunguza mwendo na kusimama, lakini kidhibiti kiko hai na hakijui. Kinaendelea kusogeza daraja na kisu kilichosimama kinaburuzwa ndani ya mbao hadi kinavunjika, au mbao inang'oka kwenye vibanio. Dawa yake ni relei ndogo ya volti 230, swichi inayoshikwa na umeme wenyewe, iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, nje ya UPS, na mguso wake uende kwenye ingizo la kusimamisha la kidhibiti. Umeme wa ukuta ukiondoka, relei inaachia, mashine inasimama mahali pake ikiwa bado inakumbuka ilipo. Umeme ukirudi unainua kisu, unawasha spindo, unaendelea. Relei hiyo ni ya bei ndogo mno, lakini imeniokolea kazi nyingi kuliko UPS yenyewe. Ndani ya mvua za masika ndipo utakaponikumbuka.

Kompyuta yako mpya basi iwe ghala. Kila mashine iwe na folda yake, na jina la kila faili lianze na herufi ya mashine: K kwa kubwa, N kwa ndogo, D kwa ya DSP. Usilione jambo dogo, kwa maana faili la mashine moja si chakula cha nyingine. Mach3 inakubali G81 ya kutoboa matundu mfululizo. GRBL inaikataa na kusimama na kosa. Mach3 inaweza kungojea ubadilishe kisu kwa M6, GRBL ya Arduino haiijui. Vitovu vya tao, yaani katikati ya kila mkunjo, vinaweza kusomwa kwa namna mbili, na faili lililotoka na namna isiyo ya mashine yako litachora miduara mikubwa inayotoka nje ya meza. Tengeneza mpangilio wa kutolea faili wa kila mashine mara moja, ujaribu hewani kisu kikiwa juu ya mbao, kisha asiguse mtu. Mwanzo wa kila faili uandikwe G21, yaani vipimo ni milimita, na G90, yaani kila kipimo kihesabiwe kutoka sifuri, ili hakuna mashine itakayosoma milimita kama inchi na kwenda mara 25.4 ya ulichotaka.

Mwisho ni watu. Ukitaka kujua mtu mmoja anaweza kuzihudumia ngapi, pima muda wa kuchonga na muda wa kupakia. Kuchonga kukiwa dakika 50 na kupakia na kupanga kukiwa 10, kwenye karatasi mtu mmoja anatosha mashine sita. Kwenye karakana atatosha tatu, kwa sababu kisu kinachakaa, mfuko wa vumbi unajaa, mteja anaingia. Na tatu hizo zianze kwa kupishana, zisimalize zote dakika moja. Mashine inayochonga isiachwe bila mtu chumbani, hata kwa sala au chakula. Kisu butu kwenye msaji kinatoa kaa dogo, kaa linavutwa kwenye mfuko wa vumbi, na vumbi la mbao linawaka polepole kwa saa nzima kabla hujanusa. Weka kizima moto karibu na mlango, usikiweke nyuma ya mashine.

Kwa mpangilio wa matumizi, mwezi huu anza na vitufe vyekundu na ile relei. Mwezi unaofuata nunua bodi ya ESP32 na swichi ya mtandao. Ya DSP ikifika, ifanyie kazi ya milango rahisi wiki mbili vijana waizoee kabla hujaipa nakshi. Ukifika hatua ya bodi, niandikie aina ya draiva zilizo kwenye mashine ndogo na picha ya nyaya zake, maana bodi za ESP32 hutoa volti 3.3 na baadhi ya draiva zinataka 5. Nitakuchorea uunganishaji kabla hujawasha.